Kiti cha Fidla ya Kwanza

Uweso, Mola amrehemu na amsamehe, alikuwa fundi wa baiskeli pale Ngamiani, naye aliumbwa na mkono wa kushoto mwepesi kuliko wa kulia. Wengi waliomjua hawakuwa na habari ya jambo hilo, maana alifundishwa mapema kulificha. Alipokuwa mtoto wa kukaa mkekani, mama yake, Bi Mwamvua, alimwona akiokota wali kwa mkono ule, akampiga kofi. Alipofika umri wa kula na wakubwa, mama akawa anaufunga mkono ule kwa ukambaa, nyuma ya mgongo, kila chakula kilipotengwa. Chuoni nako, maalim akaufunga kwa ajili ya kalamu, tena akamkumbusha kwamba siku ya hesabu watu wa motoni watapewa vitabu vyao kwa mkono wa kushoto. Mtoto akalia. Maalim akakaza fundo.

Bi Mwamvua hakuwa mama mbaya. Alikuwa mcha Mungu, na alilolifanya alilifanya kwa kumwogopea mwanawe. Lakini hofu ya mzazi nayo ina kucha. Uweso alipobaleghe alikuwa akila, akiandika, akitoa na kupokea kwa mkono wa kulia kama watu wote. Ule wa kushoto ulikuwa umezoea kukaa ndani ya mfuko wa kanzu umekunja ngumi, na kidole gumba kimejibanza katikati ya wenzake kama mtoto aliyeingia uvunguni akisikia anaitwa.

Fidla ndiyo iliyoutoa mfukoni. Aliiona katika harusi moja ya mtaani, akiwa kijana wa kutoka ndevu, akasogea mpaka mbele kabisa akakodoa macho. Mkono wa kulia wa yule mpigaji ulikuwa unavuta upinde tu, mbele na nyuma, kama mtu anayekata mkate. Kazi yote ya vidole, kazi ya kutafuta sauti na kuipata, ilikuwa ya mkono wa kushoto. Wala hapakuwa na mtu aliyemkemea. Wanawake walikuja wakicheza, wakamtunza fedha. Uweso alirudi nyumbani amejawa na neno moja tu: kumbe kuna kazi ya halali ambayo mkono huu unaweza kuifanya mbele za watu.

Alijiunga na chama cha taarabu kilichoitwa Adabu Njema. Mwanzo alibeba mabenchi na kuziba pancha za baiskeli za wanachama. Baadaye akaruhusiwa kushika fidla ya pili, iliyokuwa kuukuu, na tumbo lake likiwa na ufa. Fidla ya kwanza ilikuwa ya Mwinyijuma, fundi cherehani, mtu mwenye masikio mazuri na ulimi mbaya. Huyo ndiye aliyeketi mbele, kulia kwa mwimbaji, na ndiye aliyepiga taksimu, yaani ule mlango wa wimbo ambapo fidla husema peke yake na wengine wote wakanyamaza. Baridi yabisi ilikuwa imeanza kumvimbisha viungo vya vidole. Kila mtu chamani alijua kwamba kiti kile kitaachwa wazi karibuni, na Uweso alikitaka kuliko alivyotaka nyumba au mke.

Tatizo lilikuwa moja. Mkono ukitulia karibu na kichwa cha fidla, vidole vya Uweso vilikuwa hodari, vikidondoka juu ya nyuzi kama mvua ya vuli juu ya bati. Lakini mwimbaji wao, Bi Asmahani, alikuwa na sauti ya kwenda juu. Ili fidla imfuate huko, mkono mzima lazima uache makao yake, upande shingo ya fidla kuelekea kifuani mwake, kisha urudi, na msikilizaji asijue kwamba umesafiri. Hapo Uweso alishindwa. Mkono wake ulijikokota. Kidole kilikwaruza uzi njia nzima, kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kilipofika kilikuwa kimefika chini kidogo ya pale palipotakiwa.

"Nyau," alisema Safari, mpiga dumbaki, siku ya kwanza. Tangu hapo wakamwita Uweso Paka.

"Unamnyonga nani?" Mwinyijuma alimuuliza. "Hiyo ni shingo ya fidla, si shingo ya kuku wa mgeni."

"Nisaidie, Fundi. Nionyeshe."

"Nitakuonyesha."

Akachukua sindano ya cherehani, akaichomeka katika kipande cha nta, akaibandika chini ya shingo ya fidla, ncha ikitazama kiganja cha Uweso. "Ukiulaza mkono wako mvivu," akasema, "huyu atakuamkia."

Sindano ilimwamkia. Uweso alipiga mazoezi huku damu ikimtiririka mpaka kifundoni, na wenzake waliosubiri zamu zao za udi na ganuni walikuwa wakichungulia. "Paka kachinja leo," Safari alisema. "Tupeleke sufuria?" Wakacheka. Mwinyijuma hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kidole gumba cha Uweso, kilivyobana chini ya shingo kwa nguvu mpaka ukucha umekuwa mweupe, na alijua kabisa kwamba ugonjwa uko pale. Hakusema. Mwalimu asiyetaka kurithiwa hufundisha maumivu, hafundishi njia. Mkono wa Uweso ukajifunza kuikwepa sindano, lakini sasa ulikuwa ukiogopa pande zote mbili, ukawa mgumu kuliko mwanzo.

Aliyemfungua macho alikuwa Bi Asmahani. Alasiri moja alikuwa barazani akijitengenezea tambuu ya kutafuna, akamwita.

"Uweso, mdogo wangu, umepata kumtazama mkwezi?"

"Nimemtazama, dada."

"Akiukumbatia mnazi tu, atakaa pale pale mpaka jua lichwe. Sharti aachie ndipo apande. Wewe huachii."

"Nikiachia itaanguka."

"Itaanguka vipi, na hicho kidevu Mungu kakupa cha kutilia mchuzi?" Akacheka mwenyewe, akatema pembeni. "Na lingine. Mimi ile sauti ya juu naisikia kichwani kabla sijafungua mdomo. Wewe unaondoka hujui unakwenda wapi, unapapasa njiani kama mlevi anayetafuta mlango wake."

Uweso aliigeuza fidla akaitazama chini ya shingo. Rangi ilikuwa imelika mahali pamoja tu, pa ukubwa wa ukucha. Hapo ndipo kidole gumba chake kilipokuwa kimeng'ang'ania muda wote aliokuwa na chombo kile. Vidole vinne vilitaka kupanda, na cha tano kilikuwa kimewashika wenzake nguo.

Basi akaanza upya. Mchana, baada ya adhuhuri, wateja wanapopungua, aliingia nyuma ya kibanda chake cha baiskeli akafanya mazoezi bila upinde, kimya. Kwanza aliiimba ile sauti ya juu moyoni mpaka ikasimama wazi. Kisha akakilegeza kidole gumba, kabla ya chochote kingine. Kisha kile kidole kilichokuwa kimekandamiza uzi akakifanya chepesi, kisiuache uzi wala kisiubonyeze, kiuguse tu kama unyayo unaopima matope. Kisha kiwiko kikaingia ndani, chini ya tumbo la fidla, mkono ukapanda wote kwa pamoja, na kilichofika juu ndicho kilichobonyeza. Akashuka vivyo hivyo, gumba likitangulia. Alipokosea hakuitafuta ile sauti kwa kupapasa; alirudi chini akaanza tena.

Lakini kidole kilichokunjwa mchana kutwa hakikunjuki kwa sababu tu umeshika fidla. Uweso aliliona hilo. Mkono ukitoka mfukoni ulikuja na ngumi yake. Kwa hiyo akaacha kuutia mfukoni. Akauacha uning'inie anapotembea. Akauacha ushike spana, ukaze nati, uvue tairi, na kazi yake ikawa ya haraka mpaka wateja wakashangaa. Bi Mwamvua naye akaona.

"Huo umeutoa nje uote jua?"

"Unafanya kazi, mama."

"Kazi yake naijua, mwanangu, na haifanywi mbele za watu."

Uweso akauacha nje.

Ile sauti ya paka ilipokoma, hata yeye mwenyewe alidhani hajapanda. Alitazama, akakiona kidole chake kiko kule juu, na uzi ulikuwa umeimba sauti mbili safi, ya chini na ya juu, bila kitu katikati. Akasema alhamdulillahi. Akarudia, ikawa vile vile.

Mwezi wa Shaabani ule, mfadhili wa chama, Bwana Hatibu, mfanyabiashara wa mbata, alikuja nyumba ya chama alasiri kusikiliza wimbo mpya. Alikuwa amealika chama cha Pangani kije kushindana kwa taarabu na Adabu Njema siku ya Idi, na hakutaka aibu. Taksimu ya wimbo ule ilipanda juu sana. Mwinyijuma alijaribu, vidole vikamkatalia. Akajaribu tena, vikamkatalia. Jasho likamtoka.

"Hakuna mwingine?" akauliza Bwana Hatibu.

"Yupo Paka," Safari alisema, na watu wakacheka.

"Apige."

Uweso akaketi katika kiti cha mbele. Alianza chini, taratibu, kisha mkono wake ukapanda, ukakaa kule juu ukizungumza, ukashuka, ukapanda tena mahali pa juu zaidi, na hapana aliyesikia unapohama. Mzee mmoja ukutani akasema "Allah!" bila kukusudia. Bi Asmahani alikuwa ameacha kutafuna. Ilipokwisha, Bwana Hatibu akainuka kitini, akamjia, akamnyoshea mkono.

Uweso alikuwa na upinde katika mkono wa kulia, na fidla ameibana chini ya kwapa la mkono ule ule. Moyo wake ulikuwa bado uko juu. Mkono uliokuwa wazi ulikuwa mmoja, ule uliokuwa umeachiwa kutoka mfukoni, nao ukatoka wenyewe. Akampa Bwana Hatibu mkono wa kushoto.

Bwana Hatibu aliutazama. Akaurudisha wake pole pole, akaufuta kwenye kanzu, ingawa haukuwa umegusa kitu.

"Mleteeni Bwana Hatibu maji anawe," Mwinyijuma akasema. "Kapewa mkono wa chooni."

Kicheko kikapasuka chumba kizima. Uweso alikwisha kuangusha upinde, akawa ananyosha wa kulia, akisema, "Samahani, bwana, samahani, upinde ulikuwa..." Lakini Bwana Hatibu alikuwa amekwisha kurudi kitini.

"Kupiga anajua," alisema. "Lakini wageni wa Pangani nao watakuja kumpa mkono. Chama hiki kinaitwaje?"

"Adabu Njema," wakasema wawili watatu.

"Mimi nina shauri," Mwinyijuma akasema kwa upole. "Kijana si mbaya, ni mkono tu umekosa malezi. Siku ya Idi tuufunge, awape wageni kahawa kwa mkono wa kulia, wote wamwone kwamba ametiwa adabu. Yakiisha hayo, mimi mwenyewe nimpishe kiti. Vidole vyangu mmeviona."

"Umesikia?" Bwana Hatibu akamuuliza Uweso. "Ukikubali, baada ya Idi kiti ni chako. Nimesema."

Bi Asmahani alitikisa kichwa kwa siri, akatae. Uweso alimwona. Lakini alikitazama kile kiti, nacho kilikuwa karibu sana. Akasema, "Nimekubali."

Nyumbani alimweleza mama yake. Bi Mwamvua alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho. "Bora wakufunge wao," alisema. "Mimi nimechoka."

Siku ya Idi, baada ya sala ya alasiri, watu walijaa uwanjani chini ya turubali, Pangani upande mmoja, Tanga upande mmoja, na wanawake nyuma wamejipamba. Mwinyijuma alimwita Uweso pembeni. Alikuja na utepe wa kitambaa cha amerikani aliokuwa ameushona mwenyewe mara mbili kwa cherehani, ili usikatike. Akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akauvuta kwa meno, akaupitisha kiunoni nyuma, chini ya koti, akaufunga.

"Fundi, umekaza," Uweso akasema.

"Adabu haifungwi legelege."

"Fundi, vidole vinakufa ganzi."

"Vya nini leo? Leo unagawa kahawa."

Uweso akaenda nayo. Birika lilining'inia kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na vikombe viwili katika vidole vilivyobaki. Alipita safu kwa safu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Na huo mwingine umeuweka rehani?" Alipita kwa wanawake. "Kaka, umezaliwa hivyo au umeibiwa?" "Kauacha nyumbani, unapika pilau." Wakapigana makofi ya vicheko. Kahawa ilimwagika juu ya kanzu yake ya Idi. Mama yake alikuwa kati ya wanawake wale, akautazama mchanga.

Zamu ya Adabu Njema ikafika. Mwinyijuma akaingia katika taksimu vizuri, chini, kwa madaha yake ya zamani. Kisha akapanda, na vidole vikakwama nusu ya njia. Akajifanya amekusudia, akashuka, akapanda tena, akakwama tena. Upande wa Pangani mtu akakohoa kwa makusudi. Mwingine akauliza kwa sauti, "Jamani, ngazi imevunjika?"

Bwana Hatibu akasimama. "Mfungueni yule."

Fundo lilikuwa limejivuta likawa kama jiwe. Hawakuweza kulifungua, wakaomba mkasi, na mkasi ulikuwa kwa Mwinyijuma, aliyeutafuta mifukoni kwa muda mrefu. Utepe ulipokatika, mkono ulianguka ubavuni kama kitu kisicho chake. Ulikuwa umevimba, rangi yake ya zambarau. Wakampa fidla.

"Ningojeni kidogo," Uweso alisema kwa sauti ya chini, akiukung'uta. "Kidogo tu, damu irudi."

"Wageni wetu wangoje damu?" Mwinyijuma akasema, akihakikisha Pangani wanasikia.

"Piga, kijana," Bwana Hatibu akasema.

Akapiga. Sauti ya juu aliisikia moyoni, safi, mahali pake hasa. Akaamuru kidole gumba kilegee, lakini hakukisikia, hakujua kama kimelegea au bado. Akapanda kwa kuamini tu. Kidole kikauburura uzi njia nzima, kikalia, na kikaishia chini ya pale palipotakiwa. Akarudi, akajaribu tena. Kikalia tena.

"Nyau!" mtu wa Pangani akasema.

Safari akacheka kwanza, mtu wa chama chake mwenyewe, maana mzaha huo ulikuwa wake. Kisha uwanja mzima, wazee kwa watoto, wakawa wanalia nyau, nyau, na wanawake wakazidisha kwa sauti nyembamba. Uweso alikaa pale fidla ikiwa kidevuni. Sindano elfu zilikuwa zimeanza kumchoma vidoleni. Damu ilikuwa inarudi sasa.

"Dada," akamwambia Bi Asmahani, "bado kidogo. Unarudi. Naanza kuusikia."

Bi Asmahani alimtazama yeye, akawatazama watu, akamtazama Bwana Hatibu, ambaye uso wake ulikuwa umefunga. Kisha akageukia wapigaji. "Ushusheni wimbo," akasema. "Nitauimbia chini."

Mwinyijuma akaichukua fidla mikononi mwa Uweso, akampa birika. Wimbo ukaanzwa chini, mahali ambapo mkono wa Mwinyijuma haukuhitaji kusafiri popote. Bi Asmahani akauimba kwa sauti nzito ambayo watu walikuwa hawajaizoea, wakaipenda. Wanawake wakaja mbele wakicheza, wakatunza. Pangani wenyewe wakapiga makofi. Hapana hata mmoja aliyeonekana kukumbuka kwamba wimbo ule ulikuwa na sehemu ya juu.

Baada ya Idi Uweso alingoja kuitwa. Hakuitwa. Mkono ulikuwa umepona kabisa, na nyuma ya kibanda ulipanda na kushuka bila mlio. Mwishowe akavaa kanzu iliyofuliwa, akaenda dukani kwa Bwana Hatibu.

"Shikamoo, Bwana Hatibu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, bwana. Nimekuja kwa habari ya kile kiti."

Bwana Hatibu alikuwa akipimisha magunia ya mbata. Alimtazama kidogo kama mtu anayekumbuka, tena bila ubaya wowote. "Kiti cha nini tena, kijana? Wimbo tumeushusha."

Uweso aliirudisha fidla kuukuu chamani siku ile ile. Hakuwahi kushika nyingine. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaoa, akapata watoto, akasali sala zake zote, na mtaani hawakuacha kumwita Paka, hata wale wasiojua jina limetoka wapi. Wimbo ule ulipendwa sana Tanga, na ukaimbwa chini mpaka chama kikafa. Ukipigwa katika harusi ya jirani, Uweso alikuwa akiinua kichwa kwenye tairi alilokuwa akiliziba, akangoja, pale hasa ambapo fidla ilipaswa kupanda, mpaka pakapita.